SOMO LA MWEZI: NANI ARUHUSIWE KUJENGA KARIBU NASI?

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Isaya 5:1-10, 1 Wafalme 21:1-16, Luka 16:19-31.

Ndugu Wakristo, tukisoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, upesi twamhukumu Ahabu kuwa mwizi na mwuaji, na ni kweli. Lakini angalieni jinsi jambo lenyewe lilivyotendeka. Barua ziliandikwa, zikatiwa muhuri; wazee wa mji wakaitisha baraza; mashahidi wawili wakaletwa, kama torati inavyotaka. Yote yalipita katika njia ya sheria. Mtu aliyepita barabarani siku ile angesema kwamba serikali ya mji inafanya kazi yake.

Isaya anakwenda mbali zaidi. Katika sura ya 5, mstari wa 8, anawalilia ole watu wanaounganisha nyumba na nyumba na shamba na shamba mpaka nafasi inakwisha, wakabaki wao peke yao katikati ya nchi. Katika mstari ule hasemi kwamba mashamba hayo yaliibwa. Huenda yalinunuliwa kwa fedha halali. Kosa analolitaja ni kwamba mtu mwingine hana tena pa kukaa.

Nataka tulitazame neno hili kwa habari iliyotokea Marekani, katika mji mdogo uitwao Mount Laurel, jimbo la New Jersey, si mbali na Philadelphia. Nimeichagua kwa sababu ilianzia kanisani.

Mount Laurel ilikuwa nchi ya mashamba. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 2,817. Kufika mwaka 1970 walikuwa 11,221, kwa maana watu wenye kazi nzuri walitoka katika miji mikubwa wakaja kujenga nyumba za kupendeza zenye bustani. Lakini walikuwapo wenyeji wa zamani, watu weusi maskini, walioishi sehemu iitwayo Springville. Baadhi yao walikaa katika mabanda yaliyokuwa ya kuku, yakatengenezwa kidogo yawe makazi. Halmashauri ilipoona banda ni bovu mno, ililipiga marufuku lisikaliwe, na waliokuwamo wakalazimika kuhama. Hawakupewa pengine pa kwenda.

Mama mmoja, Ethel Lawrence, ambaye ukoo wake ulikuwa umekaa hapo vizazi kadhaa, aliungana na wenzake wakatafuta njia ya kujenga nyumba 36 za kupangisha kwa bei nafuu. Halmashauri ikakataa, kwa sababu mpango wa matumizi ya ardhi haukuruhusu nyumba za namna hiyo. Basi Jumapili moja ya mwaka 1970 meya alikuja katika kanisa lao, Jacob's Chapel, la Wamethodisti weusi, akawaambia kwa maneno ya wazi kwamba wasioweza gharama za kuishi mjini hapo itawabidi waondoke. Fikirini, ndugu zangu, kuambiwa hayo ndani ya nyumba ya ibada, na wazee wako wamezikwa hapo hapo.

Sasa mwalimu hana budi kueleza mtambo huu ulivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye somo. Mpango ule haukumtaja mtu maskini wala mtu mweusi hata mara moja. Ulitaja viwanja tu. Sehemu kubwa ya makazi ilitengwa kwa nyumba ya familia moja iliyosimama peke yake, na mahali pengine kiwanja kisipungue karibu nusu ekari. Ekari 4,121 ziliwekwa akiba kwa viwanda, ingawa viwanda vyenyewe havikuzidi ekari 100. Katika baadhi ya majengo ya familia nyingi yaliyoruhusiwa, kulikuwa na sharti kwamba katika nyumba kumi wasizidi kwa wastani watoto watatu wa kwenda shule; wakizidi, mjenzi alipe gharama ya kuwasomesha. Nilisoma sharti hili mara mbili nisije nikakosea. Watoto wamehesabiwa kama hasara!

Sababu yake haikuwa chuki tupu. Kule shule huendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya nyumba na ardhi ya mji wenyewe. Nyumba ya thamani yenye watoto wachache huleta kodi nyingi na gharama ndogo. Nyumba ya maskini yenye watoto wengi ni kinyume chake. Kwa hiyo kila mji ulitafuta matajiri na viwanda, na kumwachia jirani maskini wake. Tena mwenye nyumba aliyeweka akiba yake yote katika kiwanja kimoja ana hofu ya kweli thamani isije ikashuka. Tusimdharau.

Sisi nasi tunaijua njia hii. Dar es Salaam, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliugawa mji katika sehemu tatu kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza wakafuata mtindo huo huo. Kanuni zilitaja aina ya nyumba: hapa nyumba za Kizungu tu, kule za udongo na makuti zinaruhusiwa. Lakini kila mtu alijua maana yake, na ndiyo asili ya majina tunayoyatumia mpaka leo, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Mama Lawrence na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1971. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba kila mji unaokua lazima ufungue mlango kwa sehemu yake ya haki ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Mji ukajibu kwa kutenga vipande vitatu ambavyo vyote pamoja havikufika robo ya sehemu moja katika mia ya ardhi yake! Mwaka 1983 mahakama ikasema tena, kwa ukali. Mwaka 1985 Bunge la jimbo likatunga sheria, nayo ikaacha mwanya: mji wenye fedha uliweza kuulipa mji mwingine uchukue mpaka nusu ya wajibu wake. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2008. Ni kama yule tajiri wa Luka 16 angemlipa jirani ili Lazaro alazwe kwenye mlango wa jirani. Na kwa kweli Injili haisemi kwamba tajiri yule alimfukuza Lazaro.

Mama Lawrence alifariki mwaka 1994 bila kuona hata tofali moja. Ruhusa ya kujenga ilipatikana mwaka 1997, baada ya mikutano yenye kelele nyingi, na wapangaji wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 2000. Nyumba ni 140, nazo zaitwa kwa jina lake. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Douglas Massey, pamoja na wenzake walichunguza yaliyofuata, wakatoa kitabu mwaka 2013. Walilinganisha mji huo na miji jirani inayofanana nao: uhalifu haukuzidi kwa ajili ya nyumba hizo, thamani ya nyumba za majirani haikushuka, kodi haikupanda. Watoto waliohamia walipata mahali patulivu pa kusomea.

Miaka ya nyuma niliwahi kutia sahihi barua ya majirani kuzuia vyumba vya kupanga visijengwe karibu na kwangu. Tuliandika juu ya maji machafu na njia nyembamba, na yote tuliyoandika yalikuwa kweli. Vyumba havikujengwa. Mmoja wa waliokuwa wakivingojea alikuwa mwalimu kijana, nami sikumwuliza alipata wapi pa kulala.

Maswali ya vikundi vya Biblia: Katika 1 Wafalme 21, wazee wa mji walipopokea barua, wangeweza kufanya nini? Katika baraza la mtaa wenu, anapoombwa mtu kuzuia jengo la wengine, ni ipi kati ya sababu zinazotolewa ingebaki kama wapangaji wangekuwa watoto wetu wenyewe? Na kiwanja cha kanisa kilichokaa bure, kinakaliwa na nani?