Dondoo muhimu: Kumchagua yaya anayeifaa familia

Familia ya Sumbawanga inayotafuta yaya, yaani mtu anayelipwa kulea mtoto nyumbani, ianze kwa kuamua kama inamhitaji yaya wa kutwa, ambaye hurudi kwake jioni, au yaya wa kulala. Mwenye duka hutoshelezwa na wa kutwa, ilhali muuguzi wa zamu za usiku humhitaji wa kulala; kwa kazi hiyo asichukuliwe msichana mdogo kutoka kijijini, hata akiwa ndugu, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na hukataza aajiriwe usiku.

Lisilopaswa kupuuzwa kabisa Ufipa, nyanda za juu ulipo mji wa Sumbawanga, ni baridi ya Juni na Julai: mwombaji aulizwe angempashaje mtoto joto, na anayetaja jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa afundishwe kwanza kwamba mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunusika, ambayo huua. Mkataba wa maandishi utaje mshahara, likizo ya mwaka ya siku 28 na mapumziko ya saa 24 kila wiki, ambayo yaya anastahili kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.