Mama ana homa ya ini B: je, mtoto atazaliwa nayo?

Swali: Msomaji mwenye mimba ya miezi mitano amepimwa kliniki na kukutwa na virusi vya homa ya ini B. Haumwi popote. Je, mwanawe ataambukizwa?

Jibu: Anaweza, ila kinga ipo. Virusi hivi ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Wengi huambukizwa siku ya kuzaliwa, mtoto anapogusana na damu ya mama. Na uchanga ndio balaa lenyewe: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati huo, karibu 9 huishi na virusi daima, ilhali watu wazima wengi huvishinda wenyewe.

Ndiyo maana mtoto huchomwa chanjo ya homa ya ini B pajani ndani ya saa 24. Pentavalenti ya wiki ya 6, wanayoijua kina mama wa Tanzania na Kenya, inayo kinga hiyo, lakini kwa huyu itakuwa imechelewa. Kwa hiyo amuulize mkunga mapema kama chanjo ya kuzaliwa inapatikana.

Akiwa na virusi vingi, hupewa pia tenofovir kabla ya kujifungua. Ni dawa ileile wanayotumia wenye VVU, isimshtue.

Kunyonyesha? Anyonyeshe tu.