MOMBASA: SOMO LA MJI WA BANDARI

Wanafunzi wengi hufika Mombasa wakati wa likizo, au katika safari za shule. Huoga baharini, hula mahamri kwa mbaazi, hupiga picha chini ya zile pembe kubwa za ndovu za kuundwa katika Barabara ya Moi, kisha hurudi makwao. Hayo yote ni mema. Lakini ukimwuliza mmoja wao swali jepesi, yaani kwa nini mji huu ulisimama hapa wala si mahali pengine pa pwani, mara nyingi hana la kujibu. Somo hili limeandikwa ili msomaji atakapokwenda Mombasa awe na jibu, tena aweze kulionyesha kwa kidole.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mji wa bandari huumbwa na vyombo vinavyoufikia. Bahari ni ile ile, lakini vyombo hubadilika. Na kila vinapobadilika, kazi ya mji huhama, na riziki za watu huhama nayo.

1. KISIWA NA MLANGO WAKE

Chukua ramani ya pwani ya Kenya uitazame. Utaona kwamba sehemu kubwa ya pwani imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na ufuo. Mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu ya mwamba huo, na chombo kisichojua njia huvunjika pia. Lakini mbele ya kisiwa cha Mombasa mwamba umekatika, ukaacha mlango.

Mlango huo ulitokeaje? Karibu miaka 20,000 iliyopita, wakati wa baridi kuu ya dunia, maji mengi yaliganda yakawa barafu katika nchi za kaskazini na kusini, na usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Mito iliyoshuka kutoka bara ilichimba mabonde marefu hadi kwenye bahari hiyo ya chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikayafunika mabonde. Ndiyo maana leo tunaona maji ya chumvi yakiingia ndani ya nchi kama vidole: upande mmoja hori ya Tudor, unakomwaga Mto Kombeni, na upande wa pili hori ya Port Reitz, unakomwaga Mto Mwache. Kisiwa kimebaki katikati. Tena matumbawe hayapendi maji matamu wala matope. Kwa hiyo mahali mito ilipotokea, mwamba haukuweza kuziba.

Basi meli ikitoka baharini huingia kwa mlango mmoja, na ikifika mbele ya Ras Serani njia hugawanyika. Mkono wa kuume ni njia ya Bandari ya Kale, na mkono wa kushoto ni njia ya Kilindini. Atakayeifahamu njia panda hiyo ya majini ameifahamu nusu ya historia ya Mombasa.

2. PEPO MBILI

Zamani za matanga, chombo hakikwenda kilikotaka ila kilikopelekwa na upepo. Katika Bahari ya Hindi pepo zina majira yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ikitoka upande wa kaskazini-mashariki. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ikitoka upande wa kusini. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakileta tende, mazulia, nguo na vyombo vya udongo. Yakangoja upepo ugeuke, kisha yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu, nafaka na boriti za mikoko.

Angalia neno "yakangoja." Nahodha na mabaharia walikaa mjini kwa miezi. Walihitaji mahali pa kulala, pa kusali, pa kununua maji na pa kukarabati chombo. Wengine walioa. Watu wa bara walishuka na bidhaa zao, na wenyeji wa pwani walisimama katikati, wakinunua huku na kuuza kule. Kwa hiyo bandari ya matanga ilikuwa mahali pa kuishi wageni pamoja na wenyeji, si mahali pa kupakua tu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331, akawakuta watu wake ni Waislamu, tena akaisifu misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi.

Bandari ya matanga ilikuwa ile ya kuume, Bandari ya Kale. Kina chake si kikubwa sana, lakini kwa jahazi chatosha. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Basi jahazi liliweza kuingia maji yakijaa, na yakipwa likaegama juu ya mchanga, likasafishwa na kutiwa mafuta bila ya mtambo wowote.

3. NGOME ILIYOTAZAMA BAHARI

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Hawakuelewana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi. Baada yake Wareno waliushambulia mji na kuuteketeza mwaka 1505, wakarudia mwaka 1528. Kuanzia mwaka 1593 walijenga Ngome ya Yesu, iliyochorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kiitalia.

Mgeni akiingia ngomeni asikimbilie mizinga tu. Na asimame juu ya ukuta ulioelekea baharini ajiulize: kutoka hapa naweza kuzuia nini? Ataona kwamba ngome imewekwa mahali ambapo kila chombo kinachoingia Bandari ya Kale hakina budi kupita mbele yake. Mwenye ngome alishika kitasa cha mlango.

Lakini ngome haili mawe. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira, na mazingiwa hayo yalidumu hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na wenyeji waliokuwa upande wao, waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Msaada wao ulitegemea meli kutoka Goa. Na moja ya meli hizo, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wataalamu wa mambo ya kale waliichunguza chini ya maji kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome. Baadaye, chini ya serikali ya Kiingereza, ngome ilikuwa gereza hadi mwaka 1958. Na mwaka 2011 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia.

4. MELI ZA MOSHI ZAGEUKA KUSHOTO

Mwishoni mwa karne ya 19 vilikuja vyombo vya namna nyingine. Meli ya moshi haikungoja kaskazi wala kusi. Ilikuwa kubwa, nzito, na ilizama majini kwa kina kirefu. Bandari ya Kale ilikuwa nyembamba mno kwake. Upande wa kushoto, maji yalikuwa na kina, na jina lenyewe lilikuwa limekwisha sema: Kilindini, yaani penye kilindi. Wenyeji walikijua kina hicho tangu zamani, lakini jahazi halikukihitaji.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ilifika kwenye ziwa la Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Shehena ya reli ilikuja kwa meli, na mazao ya bara yalishuka kwa reli. Katika miaka ya 1920 yalijengwa magati ya kina ambako meli ziliweza kufunga na kupakua kwa winchi. Tangu hapo moyo wa biashara ulihamia upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa nusu saa tu kwa miguu. Bandari ya Kale haikufa, ila ilibaki na majahazi yake. Bahari haikubadilika hata shibiri moja. Kilichobadilika ni chombo.

Na kwa kuwa meli haingoji, watu wa gatini walikuwa na nguvu mpya. Mwezi wa Januari 1947 makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli na wengineo, maelfu ya watu, waligoma kwa ajili ya mshahara mdogo na kodi kubwa za nyumba. Mji ulisimama kwa siku kadhaa. Hapo serikali ilitambua kwamba gati si mawe na winchi, bali ni mabega ya watu.

5. SANDUKU LA CHUMA NA RIZIKI YA MJI

Chombo cha leo ni meli ya makontena. Zamani kila gunia lilipita begani mwa mtu. Leo kreni moja hunyanyua kontena zima kwa dakika chache, na kwa kazi hiyo wachache wanatosha. Mabega yakapungua kazi, lakini zikazaliwa kazi nyingine: madereva wa malori, mawakala wa forodha, walinzi wa maghala, mafundi wa magari, na akina mama wauza chakula kando ya barabara. Kilindini huhudumia si Kenya peke yake, bali pia Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na sehemu za mashariki ya Kongo.

Mwaka 2017 reli mpya ilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2019 yalitoka maagizo kwamba makontena yanayoingia yapelekwe bara kwa reli, yakatolewe huko Nairobi katika bandari ya nchi kavu. Watu wa Mombasa waliandamana, maana waliona maghala yakifungwa na malori yakilala. Mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudishwa Mombasa.

Msomaji apime pande zote mbili. Wenye kutetea reli husema kwamba reli iliyojengwa kwa mkopo hailipi bila mizigo, tena malori mengi huharibu barabara. Wenyeji wa Mombasa husema kwamba mji unaotazama shehena ikipita bila kuigusa utakuwa mlango tu, wala si nyumba. Hoja hii si ngeni. Ni ile ile ya jahazi na meli ya moshi: mzigo utashushwa wapi, na nani atakula kwa kuushusha?

6. SIKU MOJA YA KUTEMBEA

Garimoshi la siku hizi huishia Miritini, nje ya kisiwa. Kutoka hapo mgeni hupanda matatu hadi mjini. Yafaa aanze mapema, maana jua la saa sita ni kali na hewa ni nzito.

Asubuhi aende Mji wa Kale. Aone jinsi vichochoro vyembamba vinavyotunza kivuli, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinavyozuia joto. Asome kibao cha Ndia Kuu: huko si kosa la tahajia, ni Kimvita, kinachosema "ndia" pale tusemapo "njia." Awasalimie wazee barazani kwa "Shikamoo," na asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Kisha aingie ngomeni.

Alasiri aende Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa. Akae atazame mlango wa bahari hadi meli ipite. Meli ngeni haiingii peke yake. Huongozwa na rubani anayeijua njia. Mwisho ashuke kivuko cha Likoni, aone umati wa watu wanaovuka kwenda na kurudi kazini. Huko na bandarini asitoe kamera, kwa kuwa ni mahali pa ulinzi.

MASWALI

1. Eleza kwa nini mwamba wa matumbawe umekatika mbele ya Mombasa.
2. Jahazi lilingoja upepo. Meli ya moshi haikungoja. Taja mambo mawili yaliyobadilika mjini kwa sababu hiyo.
3. Chora ramani ya kisiwa, uonyeshe Ras Serani, Ngome ya Yesu, Bandari ya Kale, Kilindini na Likoni.
4. Mazingiwa ya 1696 hadi 1698 yanatufundisha nini juu ya ngome na bahari?
5. Kama wewe ungekuwa mwamuzi, shehena ya Uganda ungeitolea Mombasa au bara? Toa sababu zako, na useme nani atapoteza kwa uamuzi wako.