Folda Inapokukatalia, Usikimbilie Kuformati

Kila Desemba, magari yanapopanda kutoka Himo kupitia Marangu Mtoni na Mwika kuja Mkuu wilayani Rombo, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika mizigo hukosi kuona kompyuta. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam au Arusha amejinunulia nyingine, ile ya zamani anawaachia wazazi. Haipiti muda imejaa mambo ya nyumbani: picha za kipaimara, orodha ya michango ya harusi, kumbukumbu za kikao cha ukoo, hesabu za kikoba. Halafu siku moja unafungua folda, yaani jalada linalokusanya mafaili yako, na kompyuta inakujibu kwa Kiingereza kwamba huna ruhusa. Au folda inafunguka vizuri, lakini ukisahihisha jina moja kwenye orodha na kutaka kuhifadhi, inagoma: faili ni la kusoma tu.

Hapo wengi hubeba kompyuta kwenda kwa fundi, na fundi mwenye haraka husema dawa ni kuformati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Nakuomba usikubali bado. Folda inayokataa mara nyingi haijaharibika. Mafaili yako yamo ndani, mazima, na kuna kitu kimoja kinachozuia. Ukikijua kitu hicho, dawa yake huchukua dakika chache. Hatua nitakazokueleza ni za Windows 10 na Windows 11, hazihitaji kununua programu yoyote, na karibu zote hufanyika bila bando.

Anza kwa kusoma ujumbe

Usifunge ule ujumbe unaotokea. Unakili kwenye karatasi au upige picha kwa simu, kwa sababu ndio unaokuambia tatizo liko wapi. Ukiona "The disk is write-protected", anayekataa ni kifaa chenyewe: flashi, kadi au diski imezuiwa isiandikwe. Ukiona "Access is denied" au "You need permission", tatizo ni ruhusa: kompyuta haikutambui kuwa mwenye folda. Ukiona neno "Read-Only" juu ya dirisha la Word au Excel, mara nyingi ni faili hilo moja tu. Ukiambiwa faili linatumika na programu nyingine, lifunge kule lilikofunguliwa, au zima kompyuta uiwashe, kisha ujaribu tena.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kile kinachosomeka. Kama folda inafunguka na inakataa kuandikwa tu, hamishia nakala yake kwenye flashi nyingine au diski ya nje. Hata ukikosea mbele ya safari, picha zako zitakuwa salama.

Faili moja likikataa kurekebishwa

Faili ulilotumiwa kwa barua pepe au WhatsApp, Word hulifungua kwa tahadhari, na juu yake huweka mstari wa njano wenye kitufe cha "Enable Editing". Kama unamfahamu aliyekutumia, bofya kitufe hicho na kazi imeisha. Kama faili limekuja ndani ya furushi la "zip", usilirekebishe likiwa humo ndani. Bofya furushi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extract All", kisha utumie nakala iliyotoka nje.

Kama bado linakataa, libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", na chini utaona kisanduku cha "Read-only". Ondoa alama ya tiki, bofya "Apply". Ukiona pia kisanduku cha "Unblock", kiwekee tiki ikiwa unaliamini faili hilo.

Hapa watu wengi hupoteza muda. Ukifungua "Properties" za folda badala ya faili, kisanduku cha "Read-only" huwa na kialama katikati. Unakiondoa, unarudi baadaye, kimerudi. Usihangaike nacho. Kwenye folda, alama hiyo haizuii chochote. Kisanduku hicho kinahusu mafaili yaliyo ndani yake, na Windows hukiacha hivyo siku zote. Tatizo lako litafute kwingine.

Flashi na kadi zinazogoma

Kadi ya kamera ina kiswichi kidogo ubavuni. Kikisukumwa upande wa "Lock", kadi husomeka tu. Kirudishe juu ujaribu tena. Baadhi ya flashi nazo zina kiswichi kama hicho.

Kama hakuna kiswichi, fungua mahali pa kuandikia amri: bofya "Start", andika cmd, bofya kwa kitufe cha kulia "Command Prompt", chagua "Run as administrator", maana yake kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Andika amri hizi moja moja, kila moja ukimalizia kwa Enter:

diskpart
list disk
select disk 1
attributes disk clear readonly
exit

Namba 1 hapo ni mfano. Tazama orodha inayotokea na uchague namba ya flashi yako kwa kuangalia ukubwa wake. Zingatia sana jambo hili: katika sehemu hiyo usiandike kabisa neno clean, kwa sababu linafuta diski nzima.

Amri ikishindwa, na flashi hiyo ilikuwa ikiandikika siku zote, basi huenda imechakaa. Baadhi ya flashi zikifikia mwisho wa uhai wake hujifunga zibaki za kusoma tu, ili usipoteze vilivyomo. Hamisha kila kitu siku hiyo hiyo, ununue nyingine. Hakuna fundi atakayeirudishia ujana.

Kisa kingine kinajulikana na kila aliyewahi kupeleka flashi steshenari kuchapisha. Unarudi nyumbani, unakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, zile alama zenye kimshale. Hicho ni kirusi. Kimeficha mafaili yako, hakijayafuta. Usibofye kimshale hata kimoja. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua "Scan with Microsoft Defender", ambayo ni kinga ya bure iliyomo ndani ya Windows, uiache isafishe. Kisha fungua sehemu ya amri kama nilivyoeleza, uandike:

attrib -r -h -s E:\*.* /s /d

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Amri hiyo inaondoa hali ya kusoma tu na hali ya kufichwa kwa pamoja. Mafaili yatajitokeza, pengine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina. Ukiona folda iitwayo "System Volume Information", iache, ni ya Windows yenyewe.

Folda ikisema wewe si mwenyewe

Sasa tufike kwenye tatizo linalowasumbua watu kuliko yote. Kompyuta ilikuwa nzito, fundi akaipiga window upya. Sehemu ya C ikawa mpya, na picha zilizokuwa D zikabaki. Lakini ukizifungua, unaambiwa huna ruhusa. Jina lako ni lile lile, nenosiri ni lile lile, kwa nini ukataliwe?

Huku mlimani mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, huonyeshwa kwa masale, mimea inayopandwa mpakani. Masale si ukuta wala kufuli, mtu anaweza kupita katikati yake. Yanachosema ni kwamba hapa ni kwa fulani. Ruhusa za Windows ziko namna hiyo. Kila akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu ya utambulisho inayoanza na S-1-5-21, na folda hukumbuka namba hiyo, haikumbuki jina. Window ikipigwa upya, hata ukijiita "baba" kama zamani, unapewa namba nyingine. Folda inamtafuta baba wa kwanza, haimwoni. Ndivyo inavyokuwa pia ukichomoa diski kwenye kompyuta iliyokufa na kuichomeka kwenye nyingine.

Dawa ni kupanda masale upya kwa jina lako. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, kisha fuata hatua hizi:

1. Bofya folda mara mbili. Ikiuliza kama uendelee, bofya "Continue" na usubiri. Mara nyingi hii peke yake inatosha.
2. Ikikataa, fungua sehemu ya amri, andika whoami. Jina linalotokea baada ya alama ya mkwaju ndilo jina lako halisi la akaunti. Liandike pembeni.
3. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", ingia "Security", kisha "Advanced". Juu utaona "Owner", yaani mmiliki. Ukikuta hapo namba ndefu badala ya jina, umelipata tatizo.
4. Bofya "Change", andika jina lako, bofya "Check Names", kisha "OK".
5. Weka tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects", ili umiliki ushuke hadi kwenye kila faili la ndani. Bofya "Apply". Ukiulizwa kama unataka kupewa ruhusa kamili, jibu "Yes". Folda yenye maelfu ya picha itachukua muda, usiikatize.
6. Funga madirisha yote, urudi "Properties", "Security", "Edit", "Add". Andika jina lako tena, uweke tiki kwenye "Full control", yaani ruhusa zote, na umalize kwa "OK".

Fanya hivi kwa folda zako tu. Usichukue umiliki wa sehemu yote ya C, wala folda za "Windows" na "Program Files". Hizo zimezuiwa makusudi, na ukizivuruga kompyuta inaweza kushindwa kuwaka. Kama tatizo ni kwamba barua haikubali kuhifadhiwa moja kwa moja kwenye C, hakuna kilichoharibika: ihifadhi kwenye "Documents".

Kama umiliki ni wako na programu moja tu ndiyo inayoshindwa kuhifadhi, fungua "Windows Security", uingie "Virus & threat protection", utafute "Ransomware protection". Ukikuta "Controlled folder access" imewashwa, ndiyo inayozuia. Usiizime. Iruhusu programu hiyo moja kupitia "Allow an app".

Likiwa ni kufuli, si masale

Wakati mwingine diski huonyesha alama ya kufuli na kudai ufunguo wa kuifungua. Hapo mafaili yamesimbwa, yaani yamegeuzwa maandishi ya siri, na kubadilisha mmiliki hakutasaidia. Unahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiweka kompyuta mara ya kwanza. Mpigie simu aliyekuletea, mwombe auangalie huko. Bila ufunguo huo, anayekuahidi kufungua asikule pesa.

Diski yako ukiichomeka kwenye kompyuta ya Mac au Ubuntu nayo ina mambo yake. Mac husoma diski zilizotengenezwa kwa mtindo wa NTFS, ule wa Windows, lakini haiziandiki. Ubuntu nayo huzifungua kwa kusoma tu ikiwa Windows haikuzimwa kikamilifu. Rudi kwenye Windows, chagua "Restart" badala ya "Shut down", na inapowaka tena ndipo uingie Ubuntu.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mafundi wapo Mkuu, na Moshi mjini wapo wengi zaidi. Kabla hujampa kompyuta, mweleze kwa maneno haya: "Nataka mafaili yangu yabaki, tatizo ni umiliki wa folda." Patana bei kabla ya kazi, maana hii si kazi ya siku nzima. Kama inawezekana, kaa hapo hapo akifanya. Akitaja kuformati, mwambie anakili kwanza kila kitu, na uone nakala kwa macho yako.

Jambo la mwisho ni la heshima na pia la sheria. Njia hizi ni za kurudishia folda iliyo yako au ya familia yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini yake. Kama kompyuta ni ya mzazi aliyefariki, kubalianeni kwanza kama ndugu, ndipo mmoja wenu aifungue. Na kama nyumbani mnatumia kompyuta moja, kila mtu afunguliwe akaunti yake, na vitu vya wote viwekwe kwenye folda ya "Public", ambayo kila akaunti inaifikia.

Leo jioni, kabla tatizo halijaja, chukua flashi au diski ya nje, unakili picha na nyaraka za nyumbani, uitunze mbali na kompyuta. Folda ikikukatalia kesho, soma ujumbe, fuata hatua, na usimruhusu mtu yeyote kuformati kabla hujaiona nakala hiyo ikifunguka.