Kupima mawasiliano ya kila siku kwa wasemaji wa Kikantoni wenye afasia

Swali: Je, vipimo vya afasia vilivyobuniwa kwa Kiingereza vinaweza kutafsiriwa tu na kutumiwa kwa wagonjwa wa Hong Kong?

Jibu: Tafsiri pekee haitoshi. Afasia, yaani kupotea kwa uwezo wa lugha kutokana na madhara ya ubongo ambayo mara nyingi huletwa na kiharusi, hujitokeza kwa kufuata umbo la lugha ya mgonjwa, na Kikantoni kina toni sita zinazotofautisha maana, kiasi kwamba vitenzi vya kununua na kuuza hutamkwa “maai” vyote viwili, vikitenganishwa na kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Mgonjwa anayekosea toni hiyo sokoni huweza kueleweka kinyume kabisa, ilhali kipimo kinachohesabu konsonanti na irabu kitampa alama zote. Vilevile ziko chembe za mwisho wa sentensi, zinazolainisha ombi au kuonyesha shaka, ambazo majaribio ya Kiingereza hayazigusi.

Aidha, kutaja majina ya picha kliniki si sawa na kuagiza chakula au kumweleza daktari maumivu. Kwa hiyo mtathmini hupaswa kuigiza hali hizo pamoja na mgonjwa, akiangalia kama ujumbe umefika, hata kwa ishara, na pia kuwahoji jamaa, kama inavyofanya Fahirisi ya Ufanisi wa Mawasiliano, iliyobuniwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1989, ambayo vipengele vyake 16 hujazwa na mtu wa karibu. Alama za kliniki zisizo na ushahidi wa namna hiyo zisitumiwe kumwachisha mgonjwa tiba.