Ukuta au matete?

*Nimepata nyumba ya kununua Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Maji yanamega ua. Fundi anashauri ning'oe matete, nijenge ukuta wa zege. Nikubali?*
*Mama J.*

Mama J., fedha zibaki benki kwanza. Unahofia mmomonyoko, mimi nahofia zaidi hati. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mlete mpimaji, kakague hati ofisi ya ardhi, kisha waulize wasimamizi wa mazingira, NEMC. Waulize pia majirani maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024, ziwa lilipofura. Muuzaji hatakwambia.

Matete usiyaguse. Mizizi yake hushika udongo na mashina hupunguza nguvu ya mawimbi. Ukuta hurudisha wimbi, nalo huchimba chini ya msingi wake. Palipo wazi, panda matete au mafunjo. Maji ya paa yaelekeze kwenye tangi. Njia moja nyembamba ya kushukia ziwani inatosha, ila watoto wasichezee majini: kichocho kipo.

Ukiona nyufa sakafuni au msingi umeanza kuning'inia, mwite mhandisi kabla hujalipa hata kishika uchumba.