Mas'ala ya Kutoka Nyumbani Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad, enyi ndugu zetu wa Likombe na Mikindani na pande zote za kando ya Ruvuma, mas'ala tuyatajayo katika waraka huu ni haya: maradhi ya kuambukiza yakiingia mjini, na mtu hana budi kutoka nyumbani kwake, je, atoke kwa lipi, na aliache lipi?

Wako wasemao kwamba kuliuliza jambo hili ni upungufu wa imani, kwani ajali ya mtu imekwisha andikwa. Hao tutawajibu kwa kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), naye imani yake haina mwenye kuitia shaka. Alikuwa safarini kwenda Shamu, na alipofika Sargh akapewa khabari ya kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Akataka shauri kwa Muhajirina, wakakhitilafiana. Akataka kwa Ansari, nao wakakhitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kuwa arejee. Abu Ubaida akamuuliza kama yuakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, waikimbia kadari kwenda kwenye kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na moja kame. Popote atakapolisha ni kwa kadari. Ndipo Abdurrahmani bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye kukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kuikimbia kwa aliyemo. Umar akamshukuru Mungu akarejea Madina. Na Abu Ubaida, Mungu amrehemu, alikufa kwa tauni hiyo hiyo, iitwayo tauni ya Amwasi.

Basi kupima si ukafiri. Iliyobaki ni kujua vipi kupima, na hapa pana uzito.

Maradhi ya korona yalipotangazwa kuingia Tanzania tarehe 16 Machi 2020, skuli zilifungwa, lakini misikiti na makanisa hayakufungwa, wala masoko. Hesabu ya wagonjwa ilipofika 509 mwaka huo wa 2020, haikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hivyo mtu wa Likombe aliachiwa mizani mkononi bila ya jiwe la kupimia. Hakuna aliyemlazimisha atoke, wala hakuna aliyemlazimisha akae. Na mwenye kuachiwa hiari ndiye mwenye kuulizwa.

Jiwe lilikuwapo, lau watu wangalilitafuta. Maradhi yale huchukuliwa na pumzi. Khatari yake huzidi kwa mambo yanayojulikana: chumba kilichofungwa, watu waliobanana, muda mrefu, na sauti ya juu. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walikutana kufanya mazoezi ya kuimba kwa muda wa saa mbili na nusu, na miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye mafua. Watu 53, pamoja na huyo, wakaugua, na wawili wakafa. Mwenye akili na aulinganishe mkusanyiko huo na maulidi yetu yasomwayo usiku kucha katika sebule yenye madirisha yaliyofungwa! Ama aliyesimama kwenye mnada wa samaki Feri, upepo wa bahari ukimpiga usoni, akanunua akaondoka, au aliyevuka kwenda Msangamkuu katika chombo kilicho wazi, khatari yake ni ndogo sana kuliko hiyo, ijapokuwa machoni soko laonekana kuwa na watu wengi zaidi.

Jambo la pili ni haja yenyewe. Wanavyuoni wamegawanya mambo ya watu katika daraja: dharura, na haja, na mapambo. Mvuvi asiyekwenda baharini watoto wake hulala na njaa. Huyo kutoka kwake ni dharura, wala asilaumiwe. Kwenda Ligula kutibiwa ni hivyo hivyo. Lakini baraza ya kahawa na bao baada ya Isha? Hatusemi ni haramu, wala hatuwachukii wacheza bao. Twasema ni pambo, na pambo halinunuliwi kwa thamani ya roho. Tena baraza ikiwa nje, chini ya mwembe, watu wamekaa mbalimbali, jambo huwa jepesi; illa sisi hupenda kubanana juu ya mkeka mmoja.

Na fahamu, ewe ndugu, kwamba anayelipa si lazima awe yule aliyetoka. Kijana hurudi na kikohozi chepesi, au bila ya kikohozi kabisa, kwani mtu huweza kuambukiza siku mbili kabla ya kuona dalili. Nyumbani yumo mamake mwenye miaka sabini na kisukari, asiyetoka hata uani. Yeye ndiye mwenye kufa. Basi kabla ya kuuliza, "Je, mimi naogopa?" uliza ni nani anayelala chini ya dari moja nawe.

Mwenye kuuliza akiuliza juu ya Ijumaa, jawabu ni kuwa ni fardhi kwa mwanamume mzima mwenye afya, lakini ugonjwa na khofu ni udhuru. Ibn Abbas (r.a.) siku ya mvua na matope alimwamuru muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao, ikiwa matope yamekuwa udhuru, je, maradhi yenye kuua? Na Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, kwa kuwaudhi wenziwe kwa harufu tu. Basi mwenye homa na kikohozi hana ruhusa ya kujisukuma katika safu akidhani atapata thawabu.

Lakini lenye uzito kuliko yote kwetu ni msiba. Kumuosha maiti na kumkafini na kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakitosha wachache, wengine huondokewa na dhambi. Ama kukaa matanga siku tatu, watu mia ndani ya nyumba moja, wakilala na kula pamoja, hiyo ni ada. Hata kukaa tu kungojea taazia, Imamu Shafi, ambaye sisi ni wafuasi wa madhehebu yake, amekuona kuwa ni makuruhu. Ajabu ni kwamba kwa ada hii ndiyo watu hununiana miaka, na asiyekuja huhesabiwa adui! Mtume (s.a.w.) alipopata khabari ya kufa kwa Jaafar aliamuru watu wake wafanyiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeligeuza jambo, wafiwa ndio wapikao. Zama za maradhi ni wepesi kuirejea sunna: chungu cha wali hupelekwa hadi mlangoni, na mpelekaji husimama uani, akatoa taazia yake, akamwombea maiti, akaenda zake.